Mto wetu nao ni somo la biolojia

Maneno ya harakati yetu mbele ya wanafunzi na vijana wa Misisi, Siku ya Mazingira, Juni 5



Leo ni Juni 5. Tangu 1973 dunia inaita siku hii Siku ya Mazingira. Kuna mahali watapanda mti mmoja, watapiga picha na ule mti, kiisha kila mtu ataenda kwake. Sisi hapa Misisi tumechagua kuongea juu ya daftari la biolojia. Tunajua kuna mtu atacheka: bei ya dhahabu inapanda na kushuka, barabara imekufa, usalama hakuna, na nyinyi mnatuletea mambo ya daftari? Mtusikilize mpaka mwisho, kiisha mtacheka kama bado mnataka.

Tunaanza na swali kwa wanafunzi wa Biokimia. Tajeni matatizo matatu ya mazingira. Tunajua mtajibu nini, juu tumekaa kwenye benchi zile zile. Mtasema: tundu kwenye tabaka la ozoni. Mtasema: barafu inayeyuka kwenye ncha za dunia. Mtasema: jangwa linapanuka. Majibu yote ni ya kweli, mwalimu atawapa pointi, na siku ya Exetat mtaweka alama kwenye herufi inayofaa. Lakini Misisi hatuna barafu. Tuko na mto wa rangi ya chai ya maziwa. Tuko na vilima vilivyotobolewa. Tuko na moshi unaotoka kwenye kikaango cha dhahabu, ndani ya nyumba ambamo mtoto amelala. Mambo hayo ni mazingira pia, na mwanafunzi akitoka shuleni kwa mguu anayafikia kabla jasho halijamtoka.

Neno letu la leo ni hili moja. Yote yaliyo kwenye sura ya mazingira ya kitabu cha sekondari yako hapa kwetu: ekosistemu, mnyororo wa chakula, uchafuzi wa maji, upotevu wa misitu, mabadiliko ya tabianchi, magonjwa. Kama mtoto wa Misisi anamaliza miaka yote ya umanite bila mtu kumwonyesha kwamba maneno yale yanaongea juu ya mto wake, basi amebeba maneno tu, na maneno peke yake hayatamlinda. Likizo ikifika atashuka kwenye shimo au atachoma dhahabu kama wengine wote.

Tuichukue sura ile ukurasa kwa ukurasa.

Ukurasa wa kwanza: mnyororo wa chakula.

Mwalimu anachora ubaoni: mimea ya majini, wadudu wadogo wanaokula mimea, samaki wadogo wanaokula wadudu, samaki mkubwa anayekula wadogo, kiisha mtu. Mchoro mzuri, mishale mizuri. Sasa tuweke zebaki ndani yake, ile tunayoita hapa merkire.

Mchimbaji anasagisha jiwe, anaosha, anabaki na mchanga mweusi wenye chembe za dhahabu. Anatia zebaki. Zebaki inashika dhahabu, vinakuwa donge moja la rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wa donge lile ni zebaki. Kiisha donge linawekwa kwenye moto. Zebaki inachemka kwenye digri 357, inapanda hewani, dhahabu inabaki. Huo mvuke hauna rangi wala harufu. Mtu anaona dhahabu yake imekuwa ya njano na anafurahi, kumbe amekwisha kuvuta hewa ile, na sehemu kubwa ya mvuke unaoingia kwenye mapafu inabaki mwilini, inakwenda kwenye damu, kwenye figo na kwenye ubongo. Mikono inaanza kutetemeka. Usingizi unapotea. Hasira zinakuja bila sababu. Watu wanasema amelogwa.

Zebaki nyingine inamwagika na maji ya kuosha na kushuka mtoni. Hapo ndipo biolojia inaingia. Chini ya maji, kwenye tope lisilo na oksijeni, kuna bakteria. Bakteria hao wanageuza zebaki kuwa kitu kingine kinachoitwa metili-zebaki. Hiyo mwili wa mnyama unaipokea upesi na kuitoa polepole sana. Mdudu anakula kidogo, samaki mdogo anakula wadudu wengi, kambale anakula samaki wengi. Tufanye hesabu ya ubaoni tu, ya kuelewa. Kama kila mdudu ana chembe 1, na samaki mdogo amekula wadudu 100, ana chembe 100. Kambale akila samaki 100 wa namna hiyo, yuko na chembe 10,000. Na mama mjamzito anayekula kambale kila juma, tumuweke wapi kwenye mchoro? Yuko kwenye ncha ya mshale. Na mtoto aliye tumboni mwake yuko mbele zaidi, juu metili-zebaki inapita kwenye kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo unaojengwa.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Japani kuna mji unaoitwa Minamata. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba ya bahari kwa miaka mingi. Wa kwanza kuonyesha dalili walikuwa paka waliokula samaki: walizunguka na kurukaruka kama wanacheza, kiisha wakafa. Kisha watu. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwezi wa Mei 1956. Serikali yao ilichukua miaka 12, mpaka 1968, kukubali kwa mdomo wake kwamba sababu ni maji ya kiwanda. Kuna mama ambao wao wenyewe hawakuonyesha ugonjwa mkubwa, lakini watoto wao walizaliwa na viungo vilivyopinda na akili iliyojeruhiwa. Ndiyo maana mkataba wa dunia juu ya zebaki, ulioanza kutumika Agosti 16, 2017, unaitwa Mkataba wa Minamata.

Na sikieni hili: katika zebaki yote ambayo kazi za watu zinapandisha hewani duniani, karibu 38 kwa mia inatoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Uchimbaji huu wetu. Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu hiyo katika ripoti yake ya 2018. Kwa hiyo mwanafunzi wa Misisi anayesoma juu ya zebaki yuko karibu na tatizo kuliko mwanafunzi wa Geneva. Angepaswa kulijua kuliko yeye.

Ukurasa wa pili: mwanga, maji na tope.

Mmejifunza fotosinteza. Mmea unahitaji mwanga. Sasa, mlima ukivunjwa na udongo wake ukaoshwa mtoni mchana na usiku, maji yanakuwa tope. Mwanga hauingii. Mimea ya majini inakufa, wadudu wanakosa chakula, samaki wanaondoka au wanakufa, na tope laini linaingia kwenye mashavu yao wanayopumulia. Mayai yao, ambayo samaki wengi wanataga juu ya mawe, yanafunikwa. Mzee anayesema zamani alivua hapa sasa hapati kitu anasema ukweli wa kisayansi, hata kama hajui neno ekosistemu.

Maji yetu yanakwenda wapi? Chukueni ramani. Mito mingi ya upande huu wa milima inaelekea Luama, na Luama inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo wenyewe. Upande wa pili wa milima mito inashuka kwenye Ziwa Tanganyika. Maana yake, tope letu halikai kwetu. Linakwenda kwa ndugu zetu wa Maniema, ambao hawakula gramu hata moja ya dhahabu yetu.

Ukurasa wa tatu: tabianchi.

Hapa ndipo vitabu vinaleta barafu. Sisi tunaleta ndagala. Kila mmoja wenu anamjua ndagala mkavu anayepanda kutoka Baraka mpaka kwenye soko letu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa, 45 kwa mia. Tanzania ina 41, Burundi 8, Zambia 6. Maji ya chini kabisa hayana oksijeni, lakini ndiko kuna mbolea: mabaki yote yanazama huko. Upepo ukivuma kwa nguvu unachanganya maji, mbolea inapanda juu, mimea midogo ya ziwa inaota, ndagala wanakula, mukeke anakula ndagala.

Sasa dunia inapata joto. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya maji ya baridi na hayataki kuchanganyika. Mbolea inabaki chini. Watafiti waliotoa kazi zao mwaka 2003 walionyesha kwamba ziwa limepata joto katika karne iliyopita na kwamba chakula kinachoota ndani yake kimepungua, karibu 20 kwa mia. Hapo juu ongezeni nyavu za matundu madogo na watu wengi zaidi kwenye ziwa. Upande wa Tanzania walifikia kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, kutoka Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024, ili samaki wazae. Ndagala akipanda bei kwenye soko la Misisi, mama atasema ni wafanyabiashara, na mara nyingi ni kweli, barabara pia ni mbaya. Lakini kuna sehemu ya bei ile ambayo ni somo la tabianchi, na hakuna mtu aliyemwambia.

Ukurasa wa nne: mbu.

Mashimo yaliyoachwa yanajaa maji ya mvua. Maji yaliyotulia, yenye jua, bila samaki: hayo ndiyo anayoyapenda Anofelesi, mbu jike anayebeba malaria. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku kumi hivi au majuma mawili. Hesabuni mashimo yasiyo na mwenyewe kwenye kilima kimoja tu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, nchi yetu inabeba karibu 12 kwa mia ya wagonjwa wote wa malaria duniani, ya pili baada ya Nigeria. Tunapewa chandarua, na ni vizuri, tukilalie kweli tusivulie samaki. Lakini shimo likifukiwa, mbu wake hawazaliwi.

Na kwenye ukurasa ule ule wa afya, waandikeni mama wa kutwanga. Jiwe la dhahabu lina kwatsi nyingi. Vumbi la kwatsi likivutwa kwa miaka linakata mapafu polepole, na mapafu yaliyokatwa hivyo hayarudi. Kifua kikuu kinapata mlango. Kikohozi kile ambacho watu wanasema ni cha uzee, kwa mama wa miaka 35, si cha uzee. Kunyunyizia jiwe maji kabla ya kutwanga na kufunga kitambaa chenye unyevu usoni hakumalizi tatizo, lakini kunapunguza vumbi leo hii, bila kungoja mradi wa mtu.

Ukurasa wa tano: msitu.

Shimo linataka miti ya kushikilia kuta zake. Kambi ya wachimbaji inataka makala ya kupikia. Shamba linafuata. Kule kaskazini yetu kuna Hifadhi ya Itombwe, iliyotangazwa Oktoba 2006, inayogusa teritwari yetu ya Fizi pamoja na Mwenga na Uvira. Humo kuna sokwe wakubwa wa mashariki, wale wanaoitwa wa Grauer, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani ila Kongo ya mashariki, na tangu 2016 wamewekwa kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Mtoto wa Fizi anaijua picha ya dubu mweupe. Sokwe wa nyumbani kwake, je?

Mwalimu anafundisha pia kwamba mizizi inashika udongo na majani yanapunguza nguvu ya mvua. Usiku wa Mei 8 kuamkia 9, 2025, mvua kubwa ilinyesha, mto Kasaba ukafurika na kubeba kijiji cha Kasaba, hapa hapa kwenye sekta yetu ya Ngandja, pembeni ya ziwa. Viongozi wa eneo walihesabu zaidi ya watu 100 waliokufa, wengi watoto na wazee waliokuwa wamelala. Hatusemi kwamba shimo fulani au mti fulani ndio ulioleta Kasaba. Wenye ujuzi ndio wa kuchunguza. Tunasema hivi: sisi ni watu wa milima mikali na mvua kali. Kilima chenye ngozi tupu hakizuii maji. Mwaka 2023, mwezi ule ule wa Mei, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe zilipoteza zaidi ya watu 400 kwa namna hiyo hiyo. Swali la mwanafunzi wa Misisi liwe: kilima kilicho juu ya nyumba yetu kiko namna gani?

Bon. Sasa tujibu wale waliocheka mwanzoni.

Wanasema: dhahabu ndiyo inalipa masomo. Ni kweli kabisa. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ni ya bure kwa sheria, lakini sekondari bado mzazi analipa, na hapa mzazi analipa kwa jasho la shimo. Mlio na kalamu mkononi, mara nyingi kalamu hiyo imetoka kwenye karai la mama anayetwanga. Kwa hiyo hatukuja kuwaambia wachimbaji waache kazi. Anayewaambia hivyo anakula mara tatu kwa siku. Tumekuja kusema kwamba dhahabu inayolipa masomo haipaswi kuharibu ubongo wa mtoto anayesoma. Mzazi hawezi kutoa pesa mkono wa kulia kununua akili ya mtoto, na mkono wa kushoto akaipika kwenye kikaango.

Wanasema tena: hayo ni mambo ya wazungu na mikataba yao. Tunawajibu: ifungueni Katiba yetu ya Februari 18, 2006, kifungu cha 53. Inampa kila mtu haki ya mazingira salama yanayomwezesha kukua vizuri, na inamwekea wajibu wa kuyatetea. Imesema wajibu. Sisi tunaosimama hapa tunatimiza Katiba. Kuna pia sheria ya Julai 9, 2011 juu ya misingi ya kulinda mazingira, inayosema anayechafua ndiye wa kulipa. Na raia wakisimama, kitu kinaweza kusogea: Agosti 2021, baada ya wakaaji wa Mwenga kulalamika juu ya mito yao, gavana wa Kivu Kusini alisimamisha kazi ya kampuni kadhaa zilizokuwa zinachimba dhahabu kule. Haikumaliza vita ya mito, lakini inaonyesha kwamba sauti ya kijiji inaweza kufika mpaka Bukavu.

Sasa tunaomba nini, na kwa nani?

Kwa walimu na maprefe. Hatuombi maabara, tunajua hakuna, na tunajua mshahara wenu unachelewa. Tunaomba saa moja kwa mwezi nje ya darasa. Kateni sahani ya chuma au mfuniko wa ndoo, uupakeni rangi nyeupe, mfunge jiwe chini na kamba yenye mafundo juu. Ushusheni kwenye maji mpaka usionekane, muhesabu mafundo. Fanyeni juu ya machimbo na chini ya machimbo, kila mwezi, na muandike. Geuzeni mawe ya mtoni, muhesabu aina za wadudu: kuna wadudu wachanga, wale wenye mikia mitatu myembamba, ambao hawakai kwenye maji machafu. Mkiwapata juu na msiwapate chini, mmefanya sayansi, na hakuna mtu atakayewaambia ni siasa. Lakini msiende bila kumjulisha shefu wa mahali, msipeleke watoto penye watu wa silaha, na msiguse zebaki kwa mkono.

Kwa PDG wa mashimo na wanunuzi wa dhahabu. Mambo matatu. Kwanza, kusiwe tena kuchoma donge ndani ya nyumba ya kulala au penye watoto na mama wajawazito. Mkataba wa Minamata unataka kuchoma kwenye makao ya watu kuishe kabisa. Pili, tengenezeni vyungu vya kufunika. Ni chungu cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba linalopita kwenye maji baridi. Mvuke ukipoa unarudi kuwa zebaki, mnaitumia tena. Fundi wa kusudiria anayejua kazi yake anaweza kukiunda. Mnaokoa mapafu, mnaokoa pia pesa ya kununua zebaki nyingine. Kitumike nje, na kikaango kilichopikia dhahabu kisirudi jikoni kamwe. Tatu, shimo lililokwisha lifukiwe.

Kwa Serikali. SAEMAPE iliundwa kusindikiza wachimbaji wadogo. Tunaomba isindikizwe na yenyewe, ipewe watu na vyombo vya kufika mpaka kwenye kilima na kufundisha. Tunaomba zebaki ipimwe kwenye samaki, kwenye maji na kwa mama wajawazito wa machimbo, na majibu yasomwe hadharani kwa lugha tunayoelewa. Tunaomba wanaoandaa mitihani waingize machimbo, mito na maziwa yetu ndani ya maswali. Mwalimu anafundisha kile mtihani unauliza. Mkitaka afundishe mto, ulizeni mto.

Na kwa sisi wenyewe. Wengi wetu tunaosema hapa tuko na diploma za chuo kikuu na kazi hakuna. Tumepeleka barua mahali pote, mmeona. Lakini yale tuliyosoma bado yako kichwani, na hapa kuna kazi isiyongoja barua ya kuajiriwa. Biolojia inafundishwa kwa Kifaransa. Shimo linaongea Kiswahili. Bibi mtoni anaongea Kibembe. Katikati hapo ndipo maarifa yanapotea, na katikati hapo ndipo sisi tunaweza kusimama. Kila Jumamosi tutakaa na wanafunzi wanaotaka, tutachukua sura ya mazingira na kuitafsiri neno kwa neno, mpaka kila mwanafunzi aweze kumweleza mama yake jioni, kwa lugha ya nyumbani, kwa nini mvuke wa donge ni sumu na kwa nini mtoto wa tumboni ndiye anayeumia zaidi. Hatulipishi. Hatubebi bendera ya chama chochote. Hatutukani mtu, haturushi jiwe.

Wanafunzi, tunamalizia na nyinyi. Hivi karibuni mtakaa mbele ya karatasi za Exetat. Tunawatakia pointi nyingi. Lakini kuna mtihani mwingine ambao hauna herufi za kuchagua: siku dada yako mjamzito anapoketi karibu na kikaango kinachotoa mvuke, utasimama umwambie nini? Ukimshika mkono ukamtoa nje, ukamweleza sababu akaielewa, umepita. Na usingoje matokeo yatangazwe. Anza leo jioni.

Mto ni wetu, mlima ni wetu, watoto ni wetu.